Mwalimu wa Mikono Nyuma

Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo sijui na sikuwahi kuuliza. Wengine walisema ametoka Nyeri, wengine Murang'a, na Mzee Ouma wa stoo aliapa kwamba aliwahi kumwona mama yake, lakini Mzee Ouma aliapa hivyo kuhusu kila mtu. Ninachokijua mimi ni mikono yake. Ilikuwa nyuma. Ukiingia maabara ya kompyuta pale chuoni ungemkuta akipita kati ya meza, mikono ameifumbata mgongoni kama mtoto wa chekechea aliyeamriwa, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Hata ungelia machozi mbele ya mashine, mikono ile isingetoka huko ilikokuwa.

"Mwalimu, nisaidie, imepotea!"

"Imepotea wapi? Iko humo humo. Itafute."

"Si unibofyee tu, mara moja?"

"Mimi sikusaidii. Mimi nakufundisha."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake, na tulilichukia. Nasema wazi, wiki ile ya kwanza nilimchukia yule mama mpaka chakula kikakataa kupita. Eti mtu analipwa kufundisha kompyuta halafu hataki kuigusa! Mzee Ouma alininong'oneza kwamba labda haijui mwenyewe, anatuzuga tu. Tukacheka. Yeye akasikia, akaja akasimama nyuma yetu mpaka tukaacha kucheka wenyewe.

Mimi nilikuwa katibu wa idara, na bado niko. Niliajiriwa enzi za taipureta, zile za chuma ambazo ukizibeba unasikia mgongo. Nilikuwa hodari, na sioni haya kujisifu. Kompyuta ilipoletwa mezani kwangu niliifanya taipureta yenye taa. Nikifika mwisho wa mstari nilipiga enta, kama vile nilivyokuwa nikisukuma gari la taipureta kwa mkono, kila mstari, miaka nenda miaka rudi. Barua zangu zilipendeza kwenye karatasi. Lakini akitaka mtu kuongeza neno moja katikati, barua nzima ilikatikakatika, mistari mirefu na mifupi, takataka tupu, nami nalazimika kuipiga upya. Barua pepe na mambo ya mtandao nilikuwa nawaachia wanafunzi waliokuja ofisini kujifunza kazi. Hakuna aliyeona shida.

Kisha korona ikapita, chuo kikafunguliwa, na kila kitu kikawa kimehamia kwenye sistimu. Alama za wanafunzi, likizo, hata ukitaka bunda la karatasi, ingia sistimu. Naibu Msajili akatuita ukumbini, makatibu, watu wa stoo, wa maktaba, wahadhiri wazee. Akasema kutakuwa na kozi ya kompyuta kwa wafanyakazi, na mwisho wake mtihani, na mfanyakazi atakayeanguka atapumzishwa kwa heshima. Alitabasamu alipofika kwenye heshima. Yawa! Mimi mume wangu yuko kaburini, watoto wako shule, nyumba ni ya kupanga hapo Nyalenda. Nani alimwambia nimechoka? Nani alimtuma anipumzishe?

Basi ndiyo hali tuliyoingia nayo maabara. Kila mtu alitaka kuvushwa tu, kwa njia yoyote, na Mwalimu hakuwa mtu wa kumvusha yeyote.

Alikuwa amezunguka pale chuoni miaka mingi, mkataba baada ya mkataba, bila kuandikwa kazi ya kudumu. Dholuo chake, lugha yetu ya huku, kilikuwa kibaya sana na alikiongea kwa sauti kubwa, sokoni, kanisani, getini, akivuruga kila neno bila wasiwasi. Ukimrekebisha anakushukuru, kesho anarudia vilevile. Miaka ile ya kelele za uchaguzi, wenzake waliotoka kwao walifunga maduka mjini wakapanda mabasi, na majirani waliompenda wakamwambia na yeye aende kwanza, mambo yakipoa atarudi. Alijibu kwamba ana darasa Jumatatu. Jumatatu akafungua maabara, akakaa peke yake mpaka saa ya kufunga, maana hakuna mtu aliyekuja. Mlinzi wa geti ndiye aliyetuhadithia hayo. Ukimuuliza mwenyewe, anakuuliza wewe kama umemaliza zoezi.

Profesa wangu, mkuu wa idara, hakuwahi kuifungua barua pepe yake mwenyewe. Paswadi yake aliniachia mimi, nami nikaibandika chini ya kibodi ili nisiisahau. Wakubwa wote walifanya hivyo, na makatibu wote tulikuwa tunajua siri za chuo kizima, na waliokuja kujifunza kazi walikuwa wanajua zetu. Kozi ilipoanza, Profesa aliniambia nikifika niandikishe jina lake pia, yeye ana vikao. Mwalimu alilisoma lile jina, akanitazama.

"Huyu ndiye wewe?"

"Hapana, Mwalimu. Ana vikao."

Hakunigombeza. Alitoka, akavuka uwanja, akapanda ngazi mpaka ofisini kwetu, nami nyuma yake nikimwomba Mungu ardhi inimeze. Akagonga, akaingia, mikono nyuma.

"Profesa, shikamoo. Kiti chako kiko wazi, na huyu mama hawezi kukikalia, ana chake."

Profesa alikuja. Kwa kweli alikuja siku zote zilizobaki, akakaa mbele kabisa, na alikuwa mzito kama mimi. Siku moja aligeuka akamwambia Mwalimu kwa sauti ya chini, "Nisaidie kidogo tu, hawa wasione." Mwalimu akamjibu kwa sauti ya juu, lile lile jibu. Darasa zima likacheka, Profesa naye akacheka. Tangu siku hiyo mambo yakawa mepesi kidogo.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na kelele, na mlangoni alikuwa amebandika karatasi kubwa: HAKUNA KULA NDANI. Mwenyewe alikuwa anakula omena wa kukaanga, wakavu, kutoka kwenye mkoba, siku nzima, kru kru kru kru, na vichwa vya omena vilionekana ndani ya kibodi yake. Mzee Ouma alipomuuliza, alisema sheria ile ni ya wanafunzi. Nilitamani siku moja nimwage uji pale ndani makusudi.

Na huyo huyo aliyekataa kusaidia mtu, hakujua kununua kitu. Haki ya Mungu, hakujua kabisa! Jumamosi moja alinipigia simu twende naye soko la Kibuye, anataka viatu vya mitumba. Tukafika, akapenda viatu vyeusi, vizuri tu, halafu akarudi nyuma yangu akasimama kama mtoto aliyeletwa na mamake kununuliwa yunifomu.

"Haya, ongea naye," akaniambia.

Nikaona siku yangu imefika. Nikaweka mikono nyuma.

"Mwalimu, mimi sikusaidii. Mimi nakufundisha."

Alinitazama. Mwenye viatu naye akatutazama, hajui kunani. Kisha Mwalimu akatoa pesa, akalipa bei yote iliyotajwa mwanzo bila kupunguziwa hata shilingi, kwa ukaidi tu, akavaa viatu pale pale akaondoka navyo. Nilicheka mpaka muuza nyanya wa jirani akaniletea kigoda. Viatu vyenyewe vilimbana na alivivaa mwaka mzima.

Lakini alikuja Nyalenda pia, na hilo hakumtangazia mtu. Nyuma ya stoo kulikuwa na rundo la kibodi mbovu zinazosubiri kutupwa, na Mzee Ouma alimruhusu achukue. Akatugawia sisi wazito. Yangu aliileta mwenyewe nyumbani, akapita kwenye matope akiwa ameikumbatia, akaiweka mezani kati ya sukuma wiki na chumvi.

"Haina waya," nikamwambia.

"Vidole vyako havihitaji waya. Chukua gazeti, piga ukurasa. Ukifika mwisho wa mstari, usipige enta. Endelea tu. Kidole kikienda, kirudishe."

"Nitajuaje kama nimekosea? Hakuna skrini."

"Utajua. Kwani ni nani alipiga?"

Basi nikawa napiga kibodi iliyokufa kila nilipoepua sufuria motoni. Kidole changu kidogo cha kulia kilikuwa kinakwenda kwenye enta chenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya kwao, nami nakirudisha. Majirani walinisikia kupitia mabati. Kwenye bomba la maji mama mmoja aliniuliza mbele ya foleni kama nimeokoka ama nimechanganyikiwa. Nikamwambia nasoma. Akaniuliza nasoma nini kwa umri huu. Nikamwambia nasoma kukataa kufukuzwa, na mtungi wangu ndio unaofuata, asogee.

Siku ya mtihani nilivaa nguo ya kanisani. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika barua ndefu, kuweka jedwali ndani yake, kuituma kwa barua pepe, na kuingiza alama za darasa la mfano kwenye sistimu. Mwalimu alitutangazia kwamba atatahini alichofundisha, basi, hata kama kuna watu wangependa atahini kingine. Naibu Msajili alikuwa amesimama mlangoni, na kila mtu alielewa ni nani anayeambiwa. Naye hakuondoka. Akaingia, akaanza kupita kati ya meza, harufu ya marashi yake ikimtangulia.

Nilikuwa kwenye barua. Nilikuwa naenda polepole, sikatai. Mwisho wa mstari kidole kinaondoka, nakirudisha, naendelea. Nikasikia marashi yamesimama nyuma yangu.

"Mama, mbona huo mkono unaenda unarudi? Tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo, mheshimiwa."

"Sogea kidogo nikuonyeshe." Na kabla sijasogea akapitisha mkono begani kwangu, akashika mausi. "Unabofya hapa. Halafu hapa. Halafu..."

Skrini ikawa nyeupe. Barua ikaenda.

"Lo, hizi mashine," akasema, na mkono wake bado uko juu ya mausi yangu. "Basi, Mama, pole. Wewe pumzika tu. Huyu ameshindwa, Mwalimu, twende kwa mwingine."

Hivyo tu. Watoto wangu, kodi yangu, miaka yangu yote pale, vyote vimeisha kwa kubofya kwa mtu mwingine.

Ndipo mikono ya Mwalimu ilipokuja mbele. Sikuwa nimewahi kuitazama vizuri. Ilikuwa midogo, na kucha zimekatwa fupi kabisa. Mkono mmoja ukamshika Naibu Msajili kwenye kifundo, juu kidogo ya saa.

"We!" akamwambia. Hilo ni neno letu la kumwambia mtu aache, na ndilo neno pekee la Dholuo nililowahi kumsikia akilitamka sawasawa. "Hapa hatushiki mausi ya mtu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekushika polepole. Toa mkono."

"Mkataba wako uko mezani kwangu, madam."

"Basi rudi mezani kwako ukauangalie. Huyu mama bado ana mtihani."

Watu wote walikuwa wameacha kupiga kibodi. Kutoka mbele, Profesa wangu akasema bila kugeuka, "Naibu, tafadhali, watu tuko kwenye mtihani." Naibu Msajili akatoa mkono. Aliufuta kwa leso, sijui kwa nini, akatoka.

Mwalimu akarudisha mikono nyuma. Nilitaka kumkumbatia.

"Mwalimu, barua imepotea."

"Imepotea wapi?" akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kila siku, kama hakuna kilichotokea. "Iko humo humo. Itafute."

Yaani hata hapo! Hata siku hiyo! Hasira iliyonipanda ilitosha watu wawili, nusu ya Naibu Msajili na nusu ya Mwalimu. Nikaanza kutafuta. Nikakumbuka kwamba alitupigia kelele wiki zote kuhifadhi kila baada ya aya, mpaka tukawa tunahifadhi ili anyamaze tu. Nikafungua pale ninapohifadhi vitu vyangu. Barua ilikuwa imelala humo, mpaka aya ya mwisho niliyoimaliza. Nikaendelea kutoka hapo. Niliipiga yote iliyobaki bila kidole kwenda kwenye enta hata mara moja, na nilipobofya kutuma nilibofya kwa nguvu, meza ikatikisika.

Nilipita. Niko ofisini mpaka leo, na barua pepe ya Profesa anaifungua Profesa.

Mzee Ouma alianguka. Nililia, nikaenda kumfokea Mwalimu maabara nikiwa peke yangu. Nikamuuliza angepungukiwa na nini angemwongezea mzee alama kidogo.

"Ningekuwa nimemfanyia," akasema.

"Na ukimfanyia? Si ana watu wa kulisha?"

Aliketi, akavaa miwani, akaivua. Nilimwona ameumia na sikumwonea huruma siku hiyo. Ni Mzee Ouma mwenyewe aliyenituliza, siku anakabidhi funguo za stoo. Aliniambia ameanguka kwa mikono yake mwenyewe na hakuna anayeweza kumwambia alibebwa au aliangushwa, na sasa anaenda kwao Nyakach kufuga kuku, nisimlilie kama maiti. Bado sijui kama alikuwa anasema kweli ama ananifariji. Kuhusu jambo hilo mimi na Mwalimu hatukuwahi kupatana.

Mkataba wa Mwalimu haukuandikwa tena. Kulikuwa na sababu nzuri nzuri, bajeti na nini. Aliondoka mchana, watu wakiangalia kupitia madirisha, amebeba katoni yake kwa mikono miwili mbele, na viatu vile vya Kibuye vinambana. Wachache tulitoka nje tukasimama barazani ili aone kuna watu. Alitupita akatuuliza kama ofisi zetu zimefungwa leo.

Nilimpoteza baada ya hapo. Simu yake ikawa haipatikani. Nilisikia anafundisha masista mahali fulani, kisha nikasikia anaumwa, kisha sikusikia kitu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikuwa Mamboleo kuchapisha ratiba ya mazishi ya jirani yetu. Kuna saiba, duka la mtandao, pale karibu na wauza mabati, chumba kimoja, mashine chache, na siku hiyo mtandao ulikuwa umeshika kwenye mashine moja tu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kabla sijaona mtu nikasikia sauti.

"Nimesema usiguse."

"Mama, nakufanyia haraka tu," mwenye saiba akasema, mtu mzima mwenye kitambi na subira iliyokwisha. "Angalia watu."

"Watu nimewaona. Usiguse."

Nikapenya. Alikuwa yeye. Amekonda, nusu ya uso imeshuka, na mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Kiharusi. Mausi ilikuwa imehamishiwa upande wa kushoto na mkono wa kushoto ulikuwa unahangaika nayo. Woi, moyo ulinikatika! Nilimwita. Akageuza kichwa pole pole mpaka akanipata.

"Ni wewe. Bado unapiga enta?"

"Siku nikikasirika."

"Basi unapiga kila siku."

Alikuwa anaomba kazi. Chuo kimoja cha ufundi mjini kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kompyuta, na maombi ni kwa mtandao tu. Alikuwa amejaza karibu yote kwa kidole kimoja cha kushoto. Palibaki swali la mwisho, kiwango cha ujuzi wako wa kompyuta, na viduara vitatu vya kuchagua: mwanzo, kati, juu. Akapeleka mshale kwenye juu. Mkono ukatetemeka, mshale ukateleza, akabofya mwanzo.

Mtu nyuma akacheka kidogo. Mwenye saiba akapumua kwa nguvu, akanyoosha mkono. Na mimi nikanyoosha wangu, naapa, ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Ilikuwa kitu cha sekunde tu. Ningebofya, ingeisha, ningempeleka kunywa chai.

Nikarudisha mikono yangu nyuma. Niliishika mmoja kwa mwingine kwa nguvu, maana ilikuwa inataka kwenda. Kisha nikasimama kati yake na foleni.

"Ngojeni," nikasema.

"Kwani wewe ni nani yake?" akauliza yule mwenye saiba.

"Mwanafunzi wake. Rudisha huo mkono."

Nadhani aliona uso wangu, maana aliurudisha. Wa mlangoni wakalalamika kwamba wana mazishi, wana fomu, wana kazi. Nikawaambia na mimi nina mazishi, na maiti hana haraka. Mwalimu hakugeuka wala hakusema asante. Akapeleka mshale tena. Ukapita, ukaangukia kati. Akavuta pumzi. Akaurudisha, akaukosa tena, na nilikuwa nalia wazi wazi wakati huo, sikujali nani anaona, na mikono iko nyuma.

Akaweka kiwiko cha kushoto juu ya meza ili kitulie. Mshale ukapanda polepole, ukafika, ukatetemeka pale pale juu ya kiduara. Akabofya. Juu. Akatuma.

Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaubeba kutoka mapajani, akainuka, na pale alipoweza kusimama akaipeleka yote miwili mgongoni.

"Haya," akawaambia wa kwenye foleni, "nani anafuata?"